Mtihani wa Kemia katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Kupima elimu ya mtu si jambo jipya katika pwani ya Afrika Mashariki. Mtoto wa chuoni alihitimu Kurani mbele ya mwalimu yule yule aliyemfundisha alifu na be. Wazazi wake walipika sadaka, na mtaa mzima ukajua kuwa mtoto wa fulani amehitimu. Mpimaji alimjua mpimwa. Alijua kama juzi mtoto alikuwa na homa, na kama kwao kuna msiba. Mtihani wa serikali ni kitu cha namna nyingine kabisa. Anayeuliza hamjui anayejibu, wala anayejibu hamjui anayeuliza. Mtahiniwa huacha jina lake mlangoni akaingia na namba. Katika namba hiyo mna haki kubwa, na mna ukatili pia; na historia ya mtihani wa kemia katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke ni historia ya mambo hayo mawili yakikaa katika nyumba moja.

Mtihani unaokusudiwa hapa ni ule wa kidato cha sita, na hasa maswali yake ya kemia ya kifizikia. Hii ni sehemu ya kemia ambayo haishughuliki sana na rangi na harufu za vitu, bali hupima: joto gani limetoka, kasi gani mmenyuko umekwenda nayo, umeme kiasi gani umepita katika myeyusho, na ni wapi vitu viwili vinavyogeuzana vitasimama kwa msawazo. Mwanafunzi anayependa kukariri huipita kemia ya metali kwa kumbukumbu njema, lakini hapa kumbukumbu humfikisha katikati ya njia ikamwacha. Yampasa ahesabu, achore mstari, na aseme kwa nini. Kwa sababu hiyo sehemu hii imeogopwa kizazi baada ya kizazi, na kwa sababu hiyo hiyo imekuwa chekecheo la kuwatenga watakaokwenda kusomea udaktari na uhandisi na wale watakaotafuta njia nyingine.

Tanganyika ilipopata uhuru katika Desemba, 1961, wanafunzi wote wa shule za sekondari walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa katika kidato cha sita walikuwa 176 tu. Watu hao wangaliweza kukaa katika ukumbi mmoja wakatazamana nyuso. Chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa tarehe 25 Oktoba ya mwaka ule ule, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, nacho kilifundisha sheria peke yake. Kijana aliyetaka sayansi ilimlazimu kwenda Makerere au kuvuka bahari. Katika mwaka wa 1964 chuo kilihamia kilimani, magharibi ya mji, na mwaka wa 1965 kitivo cha sayansi kikaanza. Tangu hapo mambo yaligeuka kwa kijana wa vitongojini. Mlango ambao zamani ulikuwa mbali ng'ambo ya ziwa, sasa ulikuwa karibu kiasi cha kutembewa kwa miguu kutoka Mwananyamala. Umbali uliobaki haukuwa wa njia. Ulikuwa wa karatasi ya maswali.

Karatasi hiyo ilibadilisha wenyewe mara kadhaa katika muda mfupi. Hapo kwanza maswali yalitungwa Uingereza na Halmashauri ya Mitihani ya Cambridge, na majibu yakasahihishwa huko huko. Kuanzia mwaka wa 1968 kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Katika mwaka wa 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza hilo, na mitihani ikasimamiwa na Wizara ya Elimu. Kisha kwa sheria namba 21 ya mwaka wa 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo ofisi zake zilikuja kuwa Mikocheni, ndani ya Kinondoni yenyewe. Hivyo basi, maswali yaliyokuwa yakisafiri maelfu ya maili yalikuja kutungwa na kufungwa katika mji ule ule wanamokaa maelfu ya wanaoyangoja. Hilo lilikuwa jambo la heshima kwa taifa changa, wala halistahili kudharauliwa. Walakini mwenye nyumba akibadilika, si lazima nyumba ibadilike. Mtahiniwa wa mwaka wa 1975 aliulizwa mambo ya gesi, ya joto na ya msawazo karibu kama alivyoulizwa kaka yake aliyetahiniwa na Cambridge. Na alijitayarisha kwa namna ile ile: kukusanya mitihani ya miaka iliyopita, na kubashiri ni swali lipi litarudi.

Si kwamba hatari hiyo haikuonekana. Machi, 1967, Rais Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huo kidato cha sita kilikuwa na wanafunzi 830, karibu mara tano ya wale wa mwaka wa uhuru, lakini wangali tone katika taifa zima. Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, alisema kuwa mitihani hupima uwezo wa mtu kujifunza mambo na kuyatoa yanapotakiwa katika muda uliowekwa. Si mara zote hufaulu kupima uwezo wake wa kufikiri, na haipimi tabia yake, wala nia yake ya kuwatumikia wenziwe. Azimio la Musoma la mwaka wa 1974 likaendeleza shauri hilo. Kijana hakuingia tena chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni: alitakiwa kwanza afanye kazi, na wale aliofanya nao kazi watoe ushuhuda wa mwenendo wake. Alama za kazi za darasani nazo zikaanza kuhesabiwa pamoja na alama za mtihani. Kwa maneno mengine, taifa lilijaribu kumrudisha yule mpimaji wa zamani anayemjua mpimwa. Jaribio hilo halikudumu kama lilivyokusudiwa. Nchi ilihitaji waganga na wahandisi upesi, na sharti la kufanya kazi kwanza likalegezwa. Na ushuhuda wa wanadamu ulionekana kuwa na upendeleo ambao namba haina. Mtihani ukarudi katika kiti chake.

Ndipo vitongoji vikaanza kujitengenezea njia yao. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka wa 1978 na 1979, miaka ya dhiki ilifuata. Bidhaa ziliadimika, na mshahara wa mwalimu ukawa haufiki mwisho wa mwezi. Mwalimu wa kemia alikuwa na kitu kimoja cha kuuza, nacho ni kemia. Aliuza saa za jioni na za Jumamosi, sebuleni kwake au chini ya paa la mabati, na wazazi wakanunua. Jambo hili likapata jina la tuisheni, na jina hilo leo halina haja ya kuelezwa kwa mtoto yeyote wa Temeke. Kuanzia mwaka wa 1983, daladala ziliporuhusiwa kisheria, mwanafunzi wa Mbagala aliweza kufuata mwalimu hodari hadi upande wa pili wa mji, ikiwa utingo atakubali kumpakia kwa nauli yake ndogo.

Mafunzo hayo yalikuwa na vitabu vyake. Wakubwa walisoma Wood na Holliday. Waliofuata wakasoma Ramsden. Na wengi wakapata kutoka India kitabu kinene cha Bahl na Tuli, ambacho kina mifano mingi iliyokokotolewa hatua kwa hatua. Mwenye kitabu alikuwa na marafiki wengi. Asiyekuwa nacho alinunua muhtasari wa kurasa chache uliochapwa na mwalimu wa tuisheni, ambao aghalabu ulikuwa ni mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Muhtasari huo ulikuwa na faida: ulimwonyesha mwanafunzi kile kinachotakiwa. Ulikuwa pia na hasara: ulimwonyesha kile tu kinachotakiwa. Usiku palikuwa na shida ya mwanga. Nyumba nyingi za Tandale na za Yombo zilisomewa kwa kibatari, na hata zilizokuwa na umeme zilirudi katika giza wakati wa mgawo, kama katika mwaka wa 2006 mabwawa yalipokauka kwa ukame, na tena mwaka wa 2011. Kanuni ya kasi ya mmenyuko husema kuwa joto likizidi, kasi huzidi. Katika chumba chenye watu sita na taa moja kanuni hiyo haikuonekana kufanya kazi.

Lipo kundi moja ambalo historia hii isingetimia bila ya kulitaja. Ni wale ambao mara ya kwanza hawakufaulu kama walivyotarajia, wakarudi. Sheria ya mitihani huwaita watahiniwa wa kujitegemea. Neno hilo lina kejeli isiyokusudiwa. Kujitegemea katika mwaka wa 1967 kulikuwa ni kwa taifa zima, kwa jembe na kwa umoja. Kujitegemea kwa mtahiniwa huyu ni kukaa peke yake bila shule, bila sare, bila maabara, akilipa ada ya mtihani kwa fedha aliyoipata kwa kuuza maji ya chupa au kufundisha watoto wa jirani hesabu. Hana wa kumtia moyo ila mamaye, na mara nyingine mamaye naye ameshaanza kuuliza kama si afadhali atafute kazi. Hata hivyo, katika watu hawa wamo wanaojua kemia kuliko wengi waliofaulu mara ya kwanza, maana wameipitia mara mbili na mara tatu, na kosa ni mwalimu asiyesahaulika.

Maabara ndiyo mahali ambapo tofauti kati ya shule na shule hudhihirika. Jaribio moja linalojulikana na kila mtahiniwa ni la kupima kasi ya mmenyuko. Alama ya msalaba huchorwa katika karatasi, na bika huwekwa juu yake. Ndani ya bika humiminwa sodiamu thayosalfeti pamoja na asidi ya hidrokloriki. Salfa huanza kujitenga, maji hugeuka kama maziwa, na mtazamaji huhesabu sekunde mpaka msalaba utoweke machoni. Jaribio hili halihitaji mashine. Linahitaji bika, saa, dawa mbili na macho mazima. Lakini zimekuwapo shule ambamo hata hivyo vilikosekana, na mwanafunzi aliuona msalaba ukitoweka kwa mara ya kwanza siku ile ile ya mtihani. Katika kidato cha nne ulikuwapo hata mtihani mbadala, ambao mtahiniwa alieleza kwa kalamu kile ambacho angalikiona kama angalikuwa na maabara. Baada ya shule za kata kuongezeka tangu mwaka wa 2004, upungufu huo ulizidi kuonekana, na mwaka wa 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara. Majengo mengi yalisimama. Kulijaza jengo kwa dawa, vyombo na walimu ni kazi ya polepole kuliko kulisimamisha.

Ajabu ni kwamba mtoto wa Kinondoni anayekosa maabara anaishi jirani na maabara kubwa. Katika kilima cha Wazo, kaskazini ya mji, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka wa 1966. Humo mawe ya chokaa hutiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Na kabla ya kufika huko, kwenye nyuzi kama 900, jiwe huachana na hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake, ikabaki chokaa hai. Huo ndio mmenyuko ambao vitabu huutumia kufundisha msawazo: jiwe huwa chokaa na hewa, na chokaa na hewa huweza kurudi kuwa jiwe. Kanuni inayoeleza ni upande gani utashinda ilitolewa mwaka wa 1884 na Mfaransa Henri Le Chatelier. Mtu huyo alikuwa mhandisi wa migodi, na andiko lake la udaktari la mwaka wa 1887 lilihusu saruji. Yaani kanuni ambayo mwanafunzi wa Tegeta huikariri kwa Kiingereza, akidhani kuwa ilitoka mbinguni, ilitoka kwa mtu aliyekuwa akishughulika na vumbi lile lile linalotua juu ya mapaa ya Tegeta.

Tena mambo hayo hayakuletwa pwani na kiwanda. Wajenzi wa Kilwa, na wale waliojenga msikiti na makaburi ambayo magofu yake yapo Kunduchi, walichoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo mahali pa wazi penye upepo. Hawakuandika kanuni, lakini waliifuata. Upepo ulichukua hewa ya ukaa ikaenda zake, na kwa kuwa haikubaki karibu, jiwe liliendelea kuvunjika mpaka likaisha. Wangalilifungia jiwe mahali pasipo na njia ya hewa kutoka, kazi ingalisimama katikati. Kisha chokaa ilipokandwa na kupakwa ukutani ilivuta tena polepole hewa ya ukaa kutoka angani, ikarudi kuwa jiwe. Ukuta wa Kunduchi ni mmenyuko ulioenda mbele na kurudi nyuma. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo hatasahau, wala hatahitaji kubashiri swali. Kwa bahati mbaya ukuta huo haumo katika muhtasari wa tuisheni.

Hapa inaingia habari ya lugha. Tangu mwaka wa 1967 mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha katika sekondari hukutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya mwaka wa 1982, chini ya Jackson Makweta, ilishauri Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Shauri hilo halikutekelezwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili haikungoja: mwaka wa 1990 ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Faida ya kazi hiyo huonekana katika neno moja. Katika mazungumzo ya kila siku, joto ni joto: joto la jua, joto la mwili, joto la chai. Kemia ya kifizikia haiwezi kwenda hatua moja bila kutenga vitu viwili, yaani joto lenyewe, ambalo ni nishati inayohama, na halijoto, ambayo ni kipimo cha ukali wake. Ndoo ya maji vuguvugu ina joto jingi kuliko kikombe cha maji yanayochemka, ingawa halijoto yake ni ndogo. Mwanafunzi aliyepewa maneno hayo mawili katika lugha anayoiota usiku huielewa tofauti hiyo kwa dakika moja. Asiyepewa hukariri maelezo mawili ya Kiingereza yanayofanana, na siku ya mtihani huyabadilishia nafasi.

Kama kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaweza kuyapima yote yaliyosemwa, ni Erasto Mpemba. Mwaka wa 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenziwe, akatia maziwa yake katika jokofu yangali moto kwa kuogopa kukosa nafasi. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza sababu, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasa likamcheka. Jambo lile likaitwa fizikia ya Mpemba, kana kwamba kila mtu ana fizikia yake. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikuja shuleni kutoa mhadhara. Mpemba alisimama na swali lile lile. Osborne hakumcheka. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Katika mwaka wa 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo pamoja, na jina la Mpemba likaenea duniani. Wataalamu wangali wakibishana: mwaka wa 2016 wachunguzi wa Uingereza walitilia shaka kama jambo hilo hutokea kweli maji yanapopimwa kwa uangalifu. Lakini hata ubishi huo ni heshima. Swali la mtoto wa shule limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya nusu karne, na katika karatasi ya mtihani swali hilo lisingalipata hata alama moja.

Pamoja na hayo, msomaji asiharakishe kuuhukumu mtihani. Mtihani ukiondolewa, ni nini kitakachowekwa mahali pake? Barua ya mkubwa? Jina la ukoo? Mtoto wa mchuuzi wa Tandika hana mjomba ofisini. Ana namba yake tu, na msahihishaji anayeiona namba hiyo hajui kuwa baba yake ni mchuuzi. Katika mwaka wa 2023 watahiniwa wa kidato cha sita walipita 100,000. Na tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023 ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali imefutwa. Kutoka 176 hadi kufikia idadi hiyo ni safari ambayo hakuna mwenye haki ya kuidharau. Haki ya namba ni haki ya kweli. Ila ni haki inayoanzia mlangoni pa chumba cha mtihani. Haisemi neno juu ya kibatari, juu ya maabara tupu, wala juu ya lugha. Namba huwafanya watahiniwa wawe sawa kwa saa tatu, baada ya miaka kumi na mitatu ya kutokuwa sawa.

Kwa hiyo lawama haiupasi mtihani peke yake, bali inawapasa wote waliouachia mtihani kazi isiyo yake. Kazi ya kupima ni ya mtihani. Kazi ya kufundisha ni ya shule, na kazi ya kuamsha swali ni ya mwalimu. Chang'ombe, katika Temeke, kipo tangu mwaka wa 2005 Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, ambacho huwaandaa walimu, wa kemia wakiwamo. Mmoja wao akienda na darasa lake Kunduchi akawaonyesha ukuta, au akimsikiliza mtoto anayeuliza neno la ajabu bila kumcheka, atakuwa ametenda jambo ambalo karatasi haiwezi kulitenda. Mwezi wa Mei utafika, karatasi zitafunguliwa, na mwanafunzi wake ataingia na namba kama wengine. Swali la msawazo litakuwamo. Yeye atalijibu kama mtu anayekumbuka mahali alipofika, na jirani yake atalijibu kama mtu anayekumbuka ukurasa. Msahihishaji huenda akawapa alama zilizo sawa. Tofauti yao itaonekana baadaye, nje ya chumba, siku ambayo hapana swali lililoandikwa.